Kukoswakoswa Si Kibali

Maandiko ya kusoma: Mwanzo 13:5-12, 1 Samweli 25:2-35, Luka 13:1-5

Kwa ninyi ambao hamkufika ibadani Jumapili kwa sababu ya zamu, safari au ugonjwa, huu ndio ujumbe kwa ufupi. Na ninyi mliokuwepo, someni tena polepole. Kuna neno ambalo huingia mara ya pili.

Sisi wa huku bara ya Mombasa tumezoea ndege. Mtu wa Magongo au Port Reitz akiwa kwenye simu na ndege ipite, ananyamaza kidogo, ikishapita anaendelea na hadithi yake. Watu wa Likoni wanaokwenda kazini Ukunda huziona zile ndogo zikishuka na watalii wa Diani. Ukiwa chini ukitazama juu, mbingu ni kubwa na ndege ni chache. Unajiuliza: na nafasi yote ile, ndege mbili zitagonganaje?

Zinagongana. Tarehe 5 Machi 2024, asubuhi, ndege ya Safarilink aina ya Dash 8 iliruka kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, ikija huku kwetu Diani. Ilikuwa na abiria 39 na wahudumu 5. Muda mfupi baada ya kuruka, waliokuwa ndani walisikia kishindo kikubwa. Ilikuwa imegongana angani na Cessna 172, ndege ndogo ya shule ya urubani, iliyokuwa na watu wawili, mwalimu na mwanafunzi wake. Ile kubwa iligeuka ikarudi Wilson na kutua salama, watu wote 44 wakashuka wazima. Ile ndogo ilianguka ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Wote wawili wakafa.

Kabla sijasema lingine, nitoe jambo moja njiani.

Mnara wa Siloamu

Siku kama ile, katika makanisa mengi, utasikia mtu anasema: "Mungu aliwapenda wale 44." Ni kweli, aliwapenda. Lakini ukisema hivyo, mama wa yule mwanafunzi akiwa amekaa safu ya tatu, atasikia nini? Atasikia kwamba mtoto wake hakupendwa.

Katika Luka 13 walimletea Yesu habari za watu waliouawa, na yeye mwenyewe akaongeza habari ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18. Akawauliza kama wanafikiri wale 18 walikuwa wabaya kuliko wakaazi wengine wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: sivyo. Kisha akawageukia wao waliokuwa hai, akawaambia watubu.

Sisi tunalijua swali hilo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama pale Mtongwe, watu 272 wakafa. Wako wazee wa kanisa hili ambao siku ile walichelewa wakaikosa ile feri, na wako waliowahi kuliko ndugu zao. Nani atasimama aseme aliyechelewa alikuwa mtakatifu zaidi? Hakuna. Kwa hiyo tusihukumu waliokufa. Swali la Yesu ni kwa aliyebaki: wewe uliyeponea chupuchupu, utafanya nini na hiyo nafasi?

Hapo ndipo kiini cha ujumbe. Kukoswakoswa si kibali. Kwamba ulipita pale na hukugonga, haina maana kwamba njia yako ni sawa.

1. Wanaogongana ni wale wanaoelekea mahali pamoja

Ukisoma mambo ya usalama wa ndege ndogo utashangaa. Ajali nyingi za kugongana angani hazitokei usiku wala kwenye mawingu mazito. Hutokea mchana, hali ya hewa ikiwa nzuri, na karibu na uwanja. Sababu si ngumu. Juu huko ndege zimetawanyika, lakini kiwanja ni kimoja na njia ya kutua ni moja. Zikikaribia nyumbani zote zinasogea mahali pembamba, na marubani wenyewe wana mengi ya kufanya wakati huo huo.

Angalia Abramu na Lutu. Hawakugombana wakiwa masikini. Neno linasema nchi haikuwatosha kwa sababu mali yao ilikuwa nyingi. Baraka ndiyo iliyoleta msongamano. Wote wawili walikuwa na mifugo, wote wanatafuta malisho yale yale na maji yale yale, na wachungaji wao wakaanza kugombana.

Wapendwa, huwezi kugongana na mtu wa Kisumu usiyemjua. Utagongana na ndugu yako, mke wako, mwenzako wa kwaya, mweka hazina wa chama chenu. Mnaelekea mahali pamoja.

Chukueni mfano. Simtaji mtu, na mtu asijitafute humu. Nimeuunganisha kutokana na mambo mengi yanayofika ofisini. Baba amefariki Kisauni, ameacha nyumba bila shamba, vyumba sita, na kila mwezi mwenye ardhi analipwa kodi yake ya ardhi. Kaka mkubwa anakaa pale na mama, anakusanya kodi ya wapangaji. Mdogo anafanya kazi kwenye yadi ya makontena Changamwe, ndiye aliyetoa pesa za kubadilisha mabati. Wote wameokoka. Mkubwa anapanga kuchukua mkopo aongeze vyumba viwili. Mdogo ameshapata mtu wa kununua, amtafutie mama mahali penye hati. Kila mmoja anamtakia mama mema. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Hali ya hewa ni nzuri kabisa, na wanashuka kwenye kiwanja kimoja.

2. Kisichosogea kwenye kioo ndicho kinachokuja

Marubani hufundishwa kitu ambacho hakikukaa kichwani mwangu hadi nilipochora kwenye karatasi. Ukiona ndege nyingine mbele na inahama kwenye kioo chako, inakwenda kushoto au kulia, mara nyingi itapita. Ya kuogopa ni ile isiyohama. Iko pale pale kwenye kioo, kama doa. Inaonekana imetulia, kumbe ninyi wawili mnaelekea nukta moja. Na jicho la mwanadamu huvutwa na kinachosogea, kile kilichotulia hulikwepa. Lile doa hubaki dogo kwa muda mrefu, halafu sekunde chache za mwisho linakua ghafla na kujaza kioo. Hapo umechelewa.

Katika maisha yetu tunaangalia yanayosogea: ada ya shule, bei ya unga, deni la duka. Hayo tunayakimbilia. Lakini kuna jambo moja limekaa pale pale miaka mitatu. Kila Jumapili wale ndugu wawili wanasalimiana, "Bwana asifiwe", "Amina", wanaulizana habari za mama, wanaenda zao. Daftari ya kodi haijawahi kutajwa. Kwa kuwa haijatajwa, wanadhani kuna amani.

Mtu wa Mungu, usidanganyike na utulivu. Ni jambo gani kati yako na mtu fulani ambalo halijasogea tangu mwaka juzi? Hilo ndilo linakuja.

3. Kila mmoja ana mahali asipoona

Kuna ndege ambazo mabawa yake yako chini ya mwili, na nyingine mabawa yako juu. Ya mabawa ya chini, rubani haoni vizuri kilicho chini yake. Ya mabawa ya juu, rubani haoni vizuri kilicho juu yake. Sasa weka ile ya kwanza juu ya ile ya pili, zote zinashuka kwenye njia moja ya kutua. Marubani wote wana macho mazima, kila mmoja anafuata njia yake sawasawa, na hakuna anayemwona mwenzake.

Ndiyo maana kuna redio. Hata pale pasipo na mnara wa kuongozea ndege, rubani hutangaza: mimi ni fulani, niko mahali fulani, urefu huu, nataka kufanya hivi. Hasemi ili aonekane. Anasema kwa sababu anajua kuna asiyemwona.

Mdogo haoni usiku ambao kaka amempeleka mama hospitali kwa tuktuk. Kaka haoni jumbe za M-Pesa za mabati, misumari na fundi. Kila mmoja ana uchungu wa kweli, na kila mmoja ana sehemu asiyoiona.

Soma 1 Samweli 25. Nabali amemtukana Daudi. Daudi anateremka na watu 400 wenye panga, ameapa hakubaki mwanamume pale kufika asubuhi. Nabali yuko nyumbani anakula karamu, hajui lolote. Wawili wako njiani kugongana. Nani aliyezuia? Kwanza ni mtumishi mmoja, hata jina hatajwi, aliyekwenda kumwambia Abigaili. Halafu ni Abigaili mwenyewe, aliyepakia punda mikate na divai akaenda haraka kukutana na Daudi mlimani. Alimwangukia miguuni, akamwambia asijilipizie kisasi kwa mkono wake. Na Daudi, pamoja na hasira yake yote, akasikia. Alimshukuru Mungu kwa kumtuma yule mama.

Kanisa linahitaji wote wawili: mtumishi anayesema mapema, na Abigaili anayekwenda haraka. Wengi wetu tunaona ndugu wawili wakielekeana, tunaenda kulizungumza kwenye grupu la WhatsApp. Hiyo si redio. Redio unazungumza na aliye ndani ya ndege.

4. Amua mapema utatii sauti ipi

Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, ndege ya abiria ya Urusi na ndege ya mizigo zilikuwa zinaelekeana. Zote mbili zilikuwa na mtambo wa tahadhari. Mtambo ulimwambia rubani wa mizigo ashuke, akashuka. Ulimwambia rubani wa abiria apande. Lakini mwongoza ndege aliyekuwa chini alimwambia ashuke. Alitii sauti ya chini. Zote mbili zikashuka, zikakutana. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto wa shule waliokuwa wakienda likizo. Yule mwongoza ndege hakuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake usiku ule, akihudumia meza mbili, mwenzake amekwenda kupumzika. Baada ya hapo mashirika ya kimataifa ya usafiri wa anga yakaweka wazi: mtambo ukisema, rubani anafuata mtambo.

Funzo ni kwamba sekunde ile ya mwisho si wakati wa kuchagua utamsikiliza nani. Lazima uwe umeshaamua. Siku hasira itakapopanda, sauti zitakuwa nyingi. Mjomba atasema, "Usikubali kudharauliwa." Rafiki atasema, "Nenda kortini kesho." Ndani yako Roho Mtakatifu atasema, polepole, "Mpigie kwanza." Ukingoja siku hiyo ndio uanze kujifunza sauti ya Bwana, utafuata iliyo na kelele zaidi. Ndiyo maana tunasoma Neno Jumanne wakati hakuna ugomvi.

5. Haki ya njia haikuondolei wajibu

Angani kuna sheria za nani apishwe. Aliye chini, anayeshuka kutua, ana nafasi yake. Ndege mbili zikielekeana uso kwa uso, kila moja inageuka kulia. Lakini juu ya sheria zote hizo kuna nyingine: hakuna sheria inayomwondolea rubani wajibu wa kuepuka kugongana. Hata kama haki ni yako, ukiona mwenzako hapishi, wewe epuka. Hakuna faida ya kuandikiwa kwenye ripoti kwamba ulikuwa na haki, na wewe uko kaburini.

Abramu alikuwa na haki. Ndiye mkubwa, ndiye aliyeitwa, ndiye aliyepewa ahadi. Lutu alikuwa mtoto wa ndugu yake, aliyekuja akimfuata. Kwa desturi zetu za pwani na za bara, mkubwa angechagua kwanza na mtoto angeshukuru. Abramu akamwambia Lutu achague: ukienda kushoto, mimi nitakwenda kulia. Lutu akachagua bonde lenye maji. Je, Abramu alipata hasara? Soma mstari wa 14 na kuendelea. Baada tu ya Lutu kuondoka, Mungu alimwambia Abramu ainue macho atazame pande zote nne.

Najua mtu atauliza: Mchungaji, kwa hiyo ninyang'anywe? Hapana. Abramu hakuacha kila kitu, alitengeneza nafasi. Kupisha si kufuta haki. Mdogo anaweza kusema, "Kaka, nasimamisha yule mnunuzi mpaka tukae na mama." Kaka anaweza kusema, "Nasimamisha mkopo, na hii hapa daftari ya kodi, angalia." Hakuna aliyepoteza shilingi, na kila mmoja amegeuka kidogo kulia. Mambo ya mgawo yatafuata, hata kwa wazee, hata kwa wakili, lakini yatafuata wakiwa bado ni ndugu.

6. Usizike kukoswa kwako

Nilisomea mambo ya biashara, na huko tulifundishwa kuandika kila hasara. Lakini kwenye vitabu vya hesabu hakuna mstari wa hasara iliyokaribia kutokea. Ikipita, imepita. Watu wa ndege walijifunza kwa machozi kwamba mstari huo ni lazima uwepo.

Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya shirika la TWA iligonga mlima huko Virginia, Marekani, ikikaribia uwanja wa Dulles. Wote 92 walikufa. Uchunguzi ukaonyesha kwamba wiki sita hivi kabla, ndege ya shirika lingine ilikuwa imekaribia kuugonga mlima ule ule, kwa kutoelewa maagizo kwa namna ile ile. Shirika lile liliwaonya marubani wake, lakini onyo halikuwafikia wengine. Mwaka 1976 ukaanzishwa mpango ambapo rubani au mwongoza ndege anaandika, "Leo nusura," na barua yake inapokelewa na NASA, si na wale wenye mamlaka ya kumwadhibu. Jina linaondolewa, somo linabaki na kusambazwa.

Sisi tuna ushuhuda. Tunasimama tunasema, "Nilikuwa nimeshika panga, Mungu akanizuia." Haleluya, tunapiga makofi, mtu anakaa. Hakuna anayeuliza: panga lilifikaje mkononi? Jumapili ijayo mwingine anapita njia ile ile bila onyo. Ushuhuda usio na somo ni nusu ya ushuhuda. Na tukiwa watu wa kumcheka au kumtenga anayesema ukweli wake, tutakuwa kanisa ambalo kila mtu anazika kukoswa kwake, mpaka siku tutakapozika watu.

Wiki hii

Nawaomba mambo matatu. La kwanza, taja mbele za Mungu lile doa lisilosogea, na mtu aliye upande wa pili. La pili, mpigie kabla ya Jumamosi. Usimtumie ujumbe wa aya ya Biblia. Mwambie uko wapi, unataka kufanya nini, na umuulize yeye yuko wapi. La tatu, tafuta kitu kimoja unachoweza kusimamisha au kupisha sasa, kabla ya kuzungumzia haki. Na kama wewe ni Abigaili, umewaona wawili wanaelekeana, nenda leo. Ofisi ya kanisa iko wazi Jumatano na Ijumaa jioni, na yatakayosemwa humo hayatatoka.

Na wewe ambaye hujampokea Yesu: umeponea mara ngapi? Bodaboda ile, ugonjwa ule, usiku ule. Hakukuacha hai ili uendelee na njia ile ile. Alikupa nafasi ya kugeuka. Geuka leo.

Tuombe. Baba, asante kwa mara zote tulizokoswa, zile tunazozijua na zile tusizozijua. Wafariji waliopoteza watu wao, angani, baharini na barabarani. Tufungue macho tuone kisichosogea. Tupe kinywa cha kusema mapema na moyo wa kupisha. Katika jina la Yesu, Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kwa nini baraka ya Abramu na Lutu ilileta ugomvi? Umeona jambo kama hilo katika familia?
2. Yule mtumishi wa 1 Samweli 25:14 alihatarisha nini kwa kusema? Ni nini kinachotuzuia sisi?
3. Tofauti kati ya kupisha na kunyang'anywa ni ipi? Toeni mifano.